Tiba ya mwanga wa UV kwa soriasisi, mbalanga na pumu ya ngozi: sio mionzi ya kansa, na sio kuota jua

Mtu akiambiwa na daktari wa ngozi kwamba krimu zimeshindwa na sasa aanze tiba ya mwanga, mara nyingi anatoka pale na wazo moja kati ya mawili. La kwanza ni hofu, yaani mionzi tena, kwani nina kansa, mbona hawajaniambia ukweli? La pili ni kinyume chake kabisa, kama ni mwanga tu si nikae juani, jua lipo bure kila siku, ya nini nitoe nauli mara tatu kwa wiki kwenda kusimama mbele ya taa. Yote mawili yanaeleweka na yote mawili yanaumiza watu. Huyu wa kwanza anakimbia tiba ambayo ni moja ya zilizo salama zaidi kwa magonjwa haya, anabaki na krimu za steroidi kali miaka na miaka mpaka ngozi inakuwa nyembamba. Na yule wa pili anaanika mgongo saa saba mchana, anaungua, halafu soriasisi inalipuka upya palepale alipoungua, maana ukiumiza ngozi, ugonjwa huu nao unafuata jeraha. Nikiona watu wanavyoshauriana kwenye magrupu ya WhatsApp juu ya hili jambo roho inaniuma kweli, kwa hiyo ngoja tulifungue taratibu.

UV ni mwanga, ila macho yetu hayauoni. Ukipanga rangi za upinde wa mvua kuanzia nyekundu mpaka zambarau, UV inaanzia pale zambarau inapoishia, mawimbi yake ni mafupi zaidi na yanapimwa kwa nanomita. Wataalamu wameigawa mara tatu: UVA ni kuanzia nanomita 400 kushuka mpaka kama 320, UVB kutoka hapo mpaka 280, na chini yake ni UVC. UVC ya jua haitufikii, inanaswa juu angani na hewa na ozoni. UVB inafika kidogo, na ikikugusa inaishia zaidi kwenye tabaka la juu la ngozi, hata kioo cha kawaida cha dirisha kinaizuia. UVA ndo nyingi, inapita kioo na inazama mpaka tabaka la pili, lile lenye mishipa ya damu, na safari yake inaishia hapohapo. Hakuna UV inayofika kwenye ini wala kwenye mfupa wala kwa mtoto aliye tumboni. Mashine za kutibu kansa kama zile za hospitali ya Ocean Road Dar es Salaam, na hata eksirei, zinatumia mionzi ya aina nyingine kabisa, yenye nguvu kubwa mno, inayopenya mwili mzima na kung'oa elektroni kwenye atomu. Ukipewa UVB nywele hazinyonyoki, hutapiki, hulali kitandani, unavaa nguo zako unapanda daladala unaenda kazini.

Sasa kwa nini mwanga utibu ngozi? Kwa sababu magonjwa haya tunayaona nje lakini shida iko kwenye kinga ya mwili. Soriasisi sio uchafu, sio fangasi, haiambukizi, na hilo inabidi lirudiwe kila siku maana bado kuna watu wananyimwa mkono kwa sababu yake. Ni kwamba seli za kinga zinazoitwa seli T zimehamia kwenye ngozi na zinapigana wakati adui hayupo, zinamwaga kemikali za kuchochea uvimbe, maarufu zaidi ni interlukini 17 na interlukini 23, na seli za ngozi zikipata hizo kemikali zinazaliana kwa fujo. Kwa kawaida seli ya ngozi inachukua kama mwezi mzima toka izaliwe chini mpaka ibanduke juu, kwenye soriasisi safari hiyo inaisha ndani ya siku 3 mpaka 5 hivi, kwa hiyo seli zinafika juu hazijakomaa zinarundikana, ndo yale magamba. Kwenye mbalanga, ambayo hospitali wataiita vitiligo, seli T za kundi lingine zinavamia seli zinazotengeneza rangi na kuziua, ngozi inabaki na mabaka meupe. Pumu ya ngozi, yaani ekzema, nayo ina mchanganyiko wake, ukuta wa ngozi ni dhaifu, kinga ina hasira, na mwasho unamfanya mtu ajikune usiku mpaka damu.

UVB ikiingia kwenye tabaka la juu, DNA ya seli inaimeza na inapata michubuko midogo. Ndiyo, umesoma sawasawa, tiba inafanya kazi kwa kuichubua DNA kidogo. Zile seli T zilizojazana pale ni dhaifu kwenye hili kuliko seli za kawaida za ngozi, haziwezi kukarabati michubuko hiyo vizuri, kwa hiyo zinajiua zenyewe kimyakimya bila kuacha fujo. Wakati huohuo kuna kemikali ya asili kwenye ngozi inaitwa asidi ya urokani, ikipigwa na UVB inabadilika umbo na kuwa kituliza kinga, halafu seli T za aina ya kutuliza ugomvi zinaongezeka, na ule mfumo wa interlukini 17 na 23 unashuka. Kumbuka hiyo ya 17 na 23 ndo hiyohiyo inayolengwa na zile sindano za kisasa za soriasisi zenye bei ya kutisha. Mwanga unagusa mfumo uleule, ila kwenye ngozi tu, bila kuishusha kinga ya mwili mzima. Kwangu mimi hii peke yake inatosha kumfanya mtu aache kuidharau taa.

Sio kila UVB inatibu lakini, na hapa ndo hadithi inanoga. Mwaka 1925 daktari William Goeckerman wa Mayo Clinic kule Marekani alikuwa anawapaka wagonjwa wa soriasisi lami ya makaa ya mawe halafu anawaweka kwenye taa ya UV, na walikuwa wanapona vizuri tu, ila taa zenyewe zilitoa UV ya kila aina ikiwemo ile inayounguza bila kutibu. Miaka mingi ikapita hivyo. Mwaka 1981 John Parrish na Kurt Jaenicke wakafanya kazi ya kupima wimbi moja moja kwenye ngozi ya wagonjwa, wakakuta kwamba mawimbi ya chini ya nanomita 290 yanaunguza sana ila hayaondoi soriasisi hata ukiongeza dozi, na yale ya kama 300 mpaka 313 yanaiondoa. Ni kama kutafuta stesheni kwenye redio ya mkulima, pembeni kidogo unapata makelele tu. Kampuni ya Philips ikatengeneza taa ya tyubu inayoitwa TL-01, inayotoa karibu mwanga wake wote kwenye nanomita 311 hivi, na majaribio yaliyotoka miaka ya 1980 yakaonyesha kwamba inashinda taa za zamani na haiunguzi sana kama zile. Mpaka leo ukisikia daktari anataja UVB ya wigo mwembamba, anaongelea hiyo 311, na hiyo ndo inatumika zaidi duniani kwa soriasisi, mbalanga na pumu ya ngozi. Kuna pia leza ya nanomita 308, inalenga baka moja moja bila kugusa ngozi nzima, nzuri kwa mtu mwenye mabaka machache.

Njia nyingine ni PUVA, na hii mizizi yake iko Afrika. Watu wa bonde la Nile toka zamani sana walikuwa wanatumia mmea mmoja, jina lake la kisayansi Ammi majus, kutibu mabaka meupe, unatumia mmea halafu unakaa juani. Daktari Abdel Monem El Mofty wa Cairo akaufanyia kazi kisayansi, mwaka 1948 akachapisha ripoti yake ya kutibu mbalanga kwa dawa iliyotolewa kwenye huo mmea. Dawa zenyewe zinaitwa psoraleni, zenyewe peke yake hazifanyi kitu, ila zikiwa ndani ya ngozi na UVA ikazipiga zinajishikiza kwenye DNA. Mwaka 1974 Parrish na Thomas Fitzpatrick na wenzao kule Boston wakachapisha matokeo ya kumeza psoraleni kisha kusimama kwenye taa za UVA kwa soriasisi, na dunia ya madaktari wa ngozi ikabadilika. PUVA ina nguvu, ila vidonge vinaleta kichefuchefu, macho inabidi yakingwe siku nzima, na ina shida ya kansa ambayo nitaifikia, kwa hiyo siku hizi imeachia nafasi UVB ya 311 isipokuwa kwenye kesi maalumu.

Niseme kitu hapohapo maana kinanihangaisha. Ndimu ina psoraleni. Mtu anakamulia ndimu kwenye baka au kwenye chunusi halafu anatoka juani, kesho yake ana malengelenge, na alama nyeusi inakaa miezi. Hiyo ni PUVA ya bahati mbaya isiyo na kipimo. Naomba tuache kuwaambia watu wapake ndimu kwenye mbalanga.

Tukirudi hospitali, tiba yenyewe ikoje? Kuna kibanda kirefu kama kabati, ndani kuna tyubu zimepangwa pande zote. Unavua nguo, sehemu za siri zinafunikwa kwa wanaume hasa, unavaa miwani maalumu ya kuzuia UV, uso kama hauna ugonjwa unafunikwa, unasimama. Siku ya kwanza unaweza kusimama chini ya dakika moja ukatoka unajiuliza ndo imeisha? Imeisha. Dozi inahesabiwa kwa milijuli za nishati ya mwanga kwa kila sentimita ya mraba na inapanda kidogo kidogo kila unaporudi, kawaida mara tatu kwa wiki, siku zisifuatane. Soriasisi wengi wanaanza kuona tofauti baada ya wiki chache na kozi inafika kama vipindi 20 mpaka 36, zaidi ya nusu ya watu ngozi inasafika vizuri sana. Inarudi? Ndiyo, mara nyingi inarudi baada ya miezi kadhaa, kwa mwingine zaidi ya mwaka, maana hakuna tiba inayoifuta soriasisi moja kwa moja, na ikirudi unaweza kurudia kozi.

Vitu vidogo vidogo vinaharibu tiba bila mtu kujua. Ukipaka krimu yenye asidi ya salisiliki kabla ya kuingia, inazuia UVB isipite. Mafuta ya mgando ukijipaka mazito nayo yanazuia, ila mafuta mepesi kabisa juu ya magamba makavu yanasaidia mwanga kupenya, kwa hiyo muulize nesi ni yapi na kiasi gani. Leo umefunika bega na fulana, wiki ya tatu umevaa singlendi, lile bega ambalo halijazoea linapigwa dozi kubwa ghafla na linaungua, basi vaa ileile kila siku. Ukikosa wiki nzima usirudi na dozi ya mwisho kama hamna kilichotokea, dozi inashushwa. Na kama tyubu zimebadilishwa na mpya, hilo sio jambo la fundi tu, tyubu mpya zina nguvu zaidi kuliko zile zilizochoka, nesi anatakiwa apime upya kwa kifaa chake na apunguze muda.

Hapa nataka nikae kidogo, kwenye ngozi nyeusi. Ile ngazi ya aina za ngozi ambayo madaktari wanaitumia, namba moja mpaka sita, iliwekwa na huyohuyo Fitzpatrick mwaka 1975 ili kujua PUVA ianzie dozi gani, na mwanzoni ilikuwa ya ngozi nyeupe tu, namba tano na sita za ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Vitabu vingi vinafundisha kwamba dalili ya dozi kuzidi ni ngozi kuwa nyekundu kesho yake. Sasa kwa mtu mweusi kweli utauona wapi huo wekundu? Utaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ina zambarau kwa mbali, au usione kitu kabisa, ila mtu anasikia moto, ngozi imekaza, shati likigusa linauma. Kwa hiyo usisubiri uulizwe, sema. Kama usiku wa baada ya tiba ulishindwa kulala kwa kuungua mwambie nesi kabla hajawasha taa, maana akiangalia tu anaweza asione. Kuungua kwa UVB kunafika kilele kama saa 24 baadaye, PUVA inachelewa zaidi, siku mbili mpaka nne, ndo maana unaweza kutoka pale uko salama ukaumia kesho kutwa.

Upande mwingine, melanini, yaani ile rangi ya ngozi yetu, inatukinga, inameza sehemu ya UV kabla haijafika kunakotakiwa. Mwongozo wa madaktari wa ngozi wa Marekani unaanza mtu wa ngozi namba moja na milijuli 130 hivi, na wa namba sita na 400. Mtu mweusi akipewa dozi ya mzungu miezi yote atamaliza kozi bila kupona na ataambiwa mwanga haumfai, kumbe hakupewa dawa ya kutosha. Muulize daktari dozi yako inapandaje, ni haki yako kujua.

Na jambo la rangi tuliseme wazi. UV itakufanya uwe mweusi zaidi kwa muda. Kwa mwenye soriasisi ni ngozi nzima inaiva, na mabaka ya zamani yanaweza kuacha alama nyeusi ambazo zinafifia taratibu. Kwa mwenye mbalanga ni vigumu zaidi kisaikolojia, kwa sababu ngozi nzima inaiva kwanza na mabaka meupe yanaonekana zaidi kabla hayajaanza kujaa. Wengi wanaacha hapo. Wengine wanachanganya na mkorogo ili wasiwe weusi, na hiyo ni hatari mara mbili, mkorogo wenyewe unaweza kuwa na steroidi kali au zebaki, na unaiondoa melanini ambayo ndo kinga yako kwenye ile taa.

Mbalanga inataka uvumilivu wa aina yake. Dozi inaanza chini kwa kila mtu bila kujali rangi, kwa sababu lile baka halina rangi ya kulilinda, kama milijuli 200 hivi, na huwezi kusema imeshindwa kabla ya miezi 6 au vipindi 70 na kitu. Rangi hairudi kama doa linalojaa kutoka pembeni peke yake, mara nyingi inaanza kama vinukta vinukta, kwa sababu seli za akiba za kutengeneza rangi zimejificha kwenye vishina vya nywele na UV inaziamsha zitambae kwenda juu. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini usoni na shingoni inarudi vizuri, na kwa nini ncha za vidole, midomo, na sehemu ambazo nywele zenyewe zimeshakuwa nyeupe ni ngumu sana. Sio kwamba daktari amekosea, akiba haipo pale.

Basi, jua. Kwa nini lisitoshe? Sio kwamba jua halina UVB, kwetu karibu na ikweta lina nyingi mno, kipimo cha UV mchana mara nyingi kinapita 11 ambayo ni ngazi ya juu kabisa ya hatari. Na sio kwamba kutibu kwa jua ni uongo, watu wanasafiri mpaka Bahari ya Chumvi, zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, wanakaa wiki kadhaa juani chini ya uangalizi na soriasisi inatulia kweli. Shida ni kipimo. Jua la saa tatu asubuhi na la saa sita ni dozi mbili tofauti kabisa, wingu likipita inabadilika, ukisimama kwenye mchanga mweupe wa Kilwa inabadilika tena, na pamoja na ile 311 unayoitaka unapewa ile inayounguza na UVA nyingi ya kuzeesha ngozi, wakati kwenye kibanda unapewa sekunde zinazojulikana za wimbi linalojulikana. Kama daktari amekwambia upate jua kidogo kwa sababu mashine haipo, muulize saa ngapi, dakika ngapi, sehemu gani ya mwili, na siku ipi uongeze, akikujibu kwa dakika fuata, akikwambia tu kaa juani mwombe afafanue.

Kansa sasa. Kwa PUVA jibu ni ndiyo, hatari ipo na imepimwa. Marekani waliwafuatilia wagonjwa 1,380 waliotibiwa na PUVA kwenye vituo 16 kuanzia miaka ya 1970, kwa miongo mitatu, na waliopata vipindi vingi sana, hasa zaidi ya 350, walipata kansa ya ngozi ya seli bapa mara nyingi zaidi, na sehemu za siri za wanaume zilionekana ziko hatarini, ndo sababu ya kuzifunika. Ndo sababu pia vipindi vya PUVA vinahesabiwa maisha yako yote. Kwa UVB ya 311 picha ni tofauti. Uchunguzi wa Scotland uliotoka 2008 uliangalia wagonjwa 3,867 na haukukuta ongezeko la maana la kansa kwa waliotumia UVB hiyo peke yake. Wagonjwa kwenye tafiti hizi wengi ni wazungu, ngozi ambayo inapata kansa kirahisi kuliko yetu. Haimaanishi upigwe taa bila mwisho, vipindi vihesabiwe na ngozi iangaliwe kila mwaka, ila ukilinganisha na methotrekseti, dawa ya kushusha kinga inayodai vipimo vya ini na damu kila mara, mimi ningeanza na mwanga.

Kuna watu mwanga huu sio wao kabisa. Ndugu zetu wenye ualbino hawana melanini ya kuwakinga na kansa ya ngozi inawaua wakiwa bado vijana, ndo maana kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC Moshi, kilichoanza 1992, kina mradi wa kutengeneza losheni ya kuzuia jua kwa ajili yao. Mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, naye hapana, jua lenyewe linamlipua. Mwenye historia ya kansa ya ngozi hapana mpaka daktari aamue. Na sema dawa zote unazomeza, hata za presha, maana kuna baadhi zinaifanya ngozi iungue haraka: doksisaiklini, sipro, na vidonge vya presha vya kukojoza kama haidroklorothiazidi. Mjamzito anaruhusiwa UVB ya 311, haimfikii mtoto, ila UV inaweza kushusha vitamini ya folati mwilini kwa hiyo vidonge vya foliki asidi ni muhimu, PUVA hapana. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye soriasisi imemshika vibaya, na inashika vibaya kweli kinga ikishuka, asidanganywe kwamba mwanga hauruhusiwi kwake. Taasisi ya soriasisi ya Marekani mwaka 2010 ilipendekeza ARV pamoja na UV ndo viwe vya kwanza kwa soriasisi ya kati na kali kwa wagonjwa hao, kwa sababu dawa nyingine nyingi zingeishusha kinga zaidi.

Halafu taa zinazouzwa mtandaoni. Taa za kuua vijidudu zilizojaa sokoni wakati wa korona ni UVC ya nanomita 254, zinaunguza macho na ngozi na hazitibu soriasisi. Taa za kukaushia kucha saluni ni UVA, hazitibu. Vitanda vya kuiva ngozi vya Ulaya ni UVA kwa sehemu kubwa na shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliviweka kwenye kundi la visababishi vya kansa mwaka 2009. Ile taa ya bluu ya watoto wachanga wenye manjano sio UV kabisa, mama usiogope, na pia haimtibu mtu pumu ya ngozi.

Ila taa ya kweli ya 311 ya nyumbani ipo, na hapa nina matumaini makubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Uholanzi walijaribu na wagonjwa 196, wakachapisha 2009, waliotumia nyumbani walipona sawa na wa hospitali. Marekani wakarudia kwa wagonjwa 783, matokeo yakatoka 2024, na walichagua makusudi wawepo na watu wa ngozi ya kahawia na nyeusi, baada ya wiki 12 ngozi ilikuwa safi au karibu safi kwa asilimia 32.8 ya waliotumia nyumbani na asilimia 25.6 ya waliokuwa wanakwenda kliniki. Sababu mojawapo haina ugumu, wa nyumbani hawakosi vipindi vingi kama wa kliniki. Sasa fikiria mtu wa Mpanda au Lodwar, mashine iko mji mkubwa, mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, nani atamlipia nauli na nani atamlindia kibarua. Taa ndogo ya 311 kwenye hospitali ya wilaya, yenye kipima muda, nesi aliyefundishwa dozi za ngozi nyeusi, na daktari wa ngozi anayepitia rekodi kwa simu kila mwezi, ni kitu kinachowezekana kwa teknolojia iliyopo leo. Chama cha wagonjwa, mbunge, mganga mkuu wa wilaya, mtu yeyote mwenye nafasi ya kupanga bajeti ya vifaa, aulizwe hiyo taa.